Mawe ya mto yamefikaje mlimani? Uzi wa vidato vya Kagera

#1 Kokoto Mbichi (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa ukweni Kyerwa, upande wa Murongo. Baba mkwe alikuwa anachimbisha choo kipya nyuma ya migomba. Futi tano za kwanza ni udongo mwekundu, kazi inakwenda. Kufika futi ya sita sururu ikaanza kulia. Kijana akatoa jiwe jeupe, ukubwa wa yai la bata, laini, halina kona hata moja. Likafuata la pili, la tatu, mpaka ndoo ikajaa. Akaweka sururu chini akadai nyongeza: walipatana udongo, hawakupatana mawe.

Baba mkwe wala hakuwa na habari na nyongeza. Aliokota moja, akaligeuzageuza kiganjani, akanitazama. "Mkwe, si wewe umesomea miamba? Haya ni mawe ya mtoni. Mto uko kule bondeni. Nani kayaleta huku juu?"

Nilimjibu pale pale kwa kifupi, lakini swali limenikaa kichwani mpaka leo, ndiyo maana naanzisha uzi. Mawe yako pale pale yalipolala. Mto ndio umeshuka ukayaacha. Nyuma ya ile migomba palikuwa sakafu ya mto Kagera, maji yakipita juu yake na viboko wakiogelea.

Inakuwaje? Mto ni mchukuzi. Nguvu zake ni wingi wa maji na ukali wa mteremko, mzigo wake ni tope, mchanga na kokoto. Mzigo ukizidi nguvu, anautua njiani, na kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka. Nguvu zikizidi mzigo, anakula chini yake mwenyewe. Akishachimba vya kutosha, mafuriko hayafiki tena kwenye uwanda wa zamani, na uwanda ule unabaki pembeni kama baraza ya nyumba: juu tambarare, mbele ukingo. Hicho ndicho naita kidato, kwa maana ya kikanyagio cha ngazi. Wengine wanasema matuta ya mto, ila kwetu matuta ni ya viazi.

Mchezo huo ukijirudia unapata ngazi nzima. Hapo kuna kitu kinachowachanganya watu: shimoni, tabaka la chini ndilo la zamani. Kwenye vidato ni kinyume, cha juu ndicho babu.

Sasa nini kinaufanya mto ushuke? Mvua ikibadilika, mzigo na nguvu vinabadilika. Maji yanakoishia, yaani ziwa au bahari, yakishuka, mto nao unayafuata. Na ardhi yenyewe ikiinuka, mto unalazimika kuikata ili ubaki pale ulipo. Sababu tofauti kabisa, lakini ukisimama juu ya kidato zote zinaonekana sawa: tambarare, ukingo, kokoto. Hapo ndipo wasomi wakubwa walipojikwaa, na walijikwaa kwenye Kagera hii hii. Nitafika huko.

#2 Simba wa Kitongoji

Chai hii mkuu. Gharika la Nuhu lilifunika mpaka milima, maji yakakauka, mawe yakabaki. Limeisha hilo.

#3 Mjukuu wa Rusumo

Nakaa hapa na karanga zangu. Mleta uzi, umepima huo urefu au ni macho tu ya kutazama bonde?

#4 Kokoto Mbichi

Mjukuu, nimepima. Shemeji yangu ni fundi, ana ule mpira wa maji wa kusawazishia msingi. Tulianza ukingoni mwa mto asubuhi, yeye na upande mmoja wa mpira, mimi na mwingine, tunapanda kwa mita moja na nusu kila hatua mpaka mdomo wa shimo. Hatua 19. Hesabu inakuja mita 28 na nusu, toa makosa yangu na yake. Watoto walitufuata njia nzima wakidhani tunapima barabara.

Simba, imani yako naiheshimu, ila tazama mawe yalivyolala. Maji ya gharika yanakoroga kila kitu pamoja. Mto unapanga. Mawe bapa yakisukumwa na mkondo hulaliana kama vigae juu ya paa, na uso wa juu wa kila jiwe huelekea kule maji yanakotoka, kwa sababu jiwe lililolala hivyo ndilo lisilopinduliwa kirahisi. Kwa hiyo mawe hayo yanaweza kukuambia mto ulikuwa unaelekea wapi hata kama umekauka miaka laki moja. Nenda kwenye mto wowote wenye kokoto wakati wa kiangazi, utaona kwa macho yako.

Kwenye shimo la baba mkwe nilijaribu. Shimo lina upana wa mita moja, mawe bapa niliyoyaona hayafiki kumi, na kijana wa sururu alikuwa ananitazama kama mwendawazimu kwa kuingia chooni na dira. Kumi hayatoshi kuapia. Ila kwenye Kagera swali la "mto ulikuwa unaelekea wapi" ni zito kuliko mnavyodhani.

#5 Nshomile wa Mtoni

Mimi ni wa Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016 tuliamka na nyumba, tukala mchana, saa tisa tetemeko likatuangushia kuta. Ukubwa wa 5.9. Je, siku ile ardhi ya Kagera iliinuka? Ndiyo vidato vinavyotengenezwa hivyo?

#6 Kokoto Mbichi

Pole sana mkuu, naikumbuka ile siku.

Kwa 5.9 iliyotokea kina kirefu kama ile, huwezi kuona kidato kipya. Lakini swali lako ni sahihi kabisa, maana kuna mahali limetokea wazi. Taiwan, tarehe 21 Septemba 1999, tetemeko la 7.6. Ufa ulikata chini ya mto Daan, na kipande cha kitanda cha mto kikanyanyuka kiasi cha mita 10. Fikiria: leo unavuka mto kwa miguu, kesho kuna jukwaa lenye kimo cha nyumba ya ghorofa tatu katikati ya maji. Mto ukaziba, ukatafuta njia, kisha ukaanza kukata. Mwamba pale ni laini, na mto una kokoto nyingi za kusagia. Ndani ya miaka michache ulishachonga korongo lenye kina kinachokaribia mita 20.

Kilichonishangaza zaidi ni kilichofuata. Korongo lile limeanza kuliwa kutoka upande wa juu, kuta zinarudishwa nyuma mita kwa mita, na watafiti walioandika mwaka 2014 wakasema kwa mwendo ule litafutika lote kwa miongo michache. Mto unaweza kuandika na kufuta ndani ya maisha ya mtu mmoja. Sisi tunaona vidato vilivyobahatika kubaki tu.

Kwa hiyo tetemeko moja la kwenu halikuinua kitu cha kuonekana. Lakini ardhi ya upande wenu wa magharibi mwa ziwa haikuinuka kwa siku moja. Ilikwenda kidogo kidogo kwa muda ambao akili zetu hazina kipimo chake.

#7 Dereva wa Katonga

Wakuu, mimi Mganda, Kiswahili changu mnisamehe. Napita Kampala-Masaka na lori miaka mingi. Pale Katonga ukisimama darajani, mafunjo kulia, mafunjo kushoto, huwezi kujua maji yanakwenda wapi. Wazee wanasema huo mto una vichwa viwili. Upande mmoja unaingia Nalubaale, ziwa ambalo ninyi mnaita Victoria, upande mwingine unaenda ziwa George. Mto gani huo? Na Mei 2023, maji ambayo siku zote yamelala yaliamka yakakata barabara, tukazungushwa kupitia Ssembabule. Mafuta nani analipa? Mimi.

#8 Kokoto Mbichi

Dereva, wewe ndiye umeleta nyama ya uzi huu. Na Kiswahili chako hakina tatizo.

Wazee wako wako sahihi. Katonga unaanzia kwenye kinamasi na maji yake yanaelekea pande mbili. Kafu, kaskazini yako, ni vile vile. Zamani mito hii ilikuwa inatiririka moja kwa moja kuelekea magharibi. Kisha Bonde la Ufa la Magharibi lilipokuwa linafunguka, mabega yake, yaani ardhi ya kingoni mwake, yakainuka. Chukua sinia lenye maji, nyanyua ukingo mmoja taratibu: maji yanasimama, yanatulia, halafu yanarudi nyuma. Mito ikageuzwa. Pale ambapo mteremko ulikufa kabisa pakabaki mafunjo, yale unayoyatazama ukisubiri foleni darajani. Hata Ziwa Kyoga, lile lenye mikono mikono kama pweza, ni mabonde ya mito yaliyofurika kwa sababu hiyo hiyo.

Na maji yaliyorudishwa yakakusanyika katikati ya sinia. Ndilo Ziwa Victoria. Ndiyo maana ni pana vile, zaidi ya kilomita za mraba 68,000, halafu kina chake hakizidi sana mita 80, wakati Tanganyika lililo ndani ya ufa wenyewe linafika mita 1,470. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa umri wa Victoria ni miaka 400,000. Kijiolojia hicho ni kitoto kichanga.

Kagera nao unahesabiwa kati ya mito iliyogeuzwa. Ukiutazama kwenye ramani unaona ajabu: unatoka Rusumo unapanda kaskazini kati ya Rwanda na Tanzania, unapita kwenye mabwawa na maziwa madogo, kisha ghafla unakata kona kuelekea mashariki, unapita Murongo na Kikagati, unashuka Kyaka, ndiyo unaingia ziwani. Ile kona si ya mto uliotulia. Ndiyo maana nilitaka kujua vigae vya mawe chini ya choo vinaelekea upande gani.

Sasa kile kisa cha wasomi. Mwingereza E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda tangu 1919, alizunguka sana bonde la Kagera na mwambao wa ziwa. Aliona kokoto juu ya mto, fukwe za zamani juu ya ziwa, zana za mawe ndani yake. Kule Ulaya walikuwa wameshapanga enzi za barafu. Huku hakuna barafu ya maana, basi akafikiri lazima kulikuwa na enzi za mvua kubwa: maji yakijaa, kidato, yakipungua, ukame. Louis Leakey, mchimbuzi wa mambo ya kale, akalichukua wazo hilo akalikuza. Mwaka 1947 kongamano la kwanza la historia ya kale ya Afrika nzima lilikutana Nairobi, na majina yakapitishwa. Enzi nne za mvua, na ya kwanza kabisa, ya zamani kuliko zote, ikapewa jina la Kagera.

Mto wetu ukawa jina la enzi. Watu wakaanza kulitumia mbali kabisa na Kagera, kila walipoona kokoto za zamani.

Halikudumu. Watafiti wawili, Cooke mwaka 1958 na Flint 1959, walikaa na ushahidi ule kipande kwa kipande wakauliza swali la baba mkwe: mna uhakika gani kwamba maji ndiyo yalipanda? Hii ni nchi ya ufa. Kokoto ukiikuta mita 30 juu ya mto, inawezekana mvua ilikuwa nyingi, inawezekana ardhi imenyanyuliwa, inawezekana imepinda upande mmoja tu. Kimo peke yake hakisemi. Baada ya hapo enzi ya Kagera ikafifia, na leo huikuti isipokuwa kwenye vitabu vya zamani.

Simlaumu Wayland. Alikwenda kwa miguu mahali ambapo wengi wetu hatujafika hata kwa pikipiki. Ila alisoma ngazi bila kuuliza kama nyumba yenyewe imeegama.

#9 Simba wa Kitongoji

Sawa, chai naiondoa, naweka maziwa. Lakini basi mnatofautishaje? Kama kimo hakisemi, nini kinasema?

#10 Kokoto Mbichi

Umbo, mkuu. Usitazame kidato mahali pamoja, kifuate kilomita nyingi kando ya mto. Kama kinakwenda sambamba na mto toka juu hadi chini, shuku hali ya hewa, au kule maji yanakoishia. Kama kinapinda, mahali kiko mita 5 juu ya mto, mbele mita 50, mbele tena kinashuka, basi hapo ardhi yenyewe imekunjika baada ya mto kupita. Mvua haiwezi kupinda kidato.

Mfano niupendao uko Nepal. Mto Bagmati unapotoka Himalaya unavuka safu ya vilima vya mwisho kabla ya tambarare. Vidato vyake vya miaka elfu chache zilizopita vimenyanyuka kwa umbo la upinde pale vinapovuka kile kilima, kama zulia lililosukumwa ukutani. Watafiti Lavé na Avouac walipima huo upinde, wakachapisha mwaka 2000: ufa ulio chini yake unasogea takriban milimita 21 kwa mwaka. Kucha za miguu yako zinakua kwa kasi inayokaribiana na hiyo. Na waliupata mwendo huo kwa kusoma kokoto, kabla hujagusa mtambo wowote wa setilaiti.

Kitu cha pili ni unene. Kama chini ya kokoto nyembamba kuna mwamba uliosawazishwa, mto ulikuwa unachonga. Kama kokoto na mchanga vinashuka makumi ya mita, basi bonde lilijazwa kwanza ndipo likachimbwa upya. Kwa baba mkwe kokoto zilikuwa unene wa mkono, chini yake mwamba mgumu uliooza juu. Wa kuchonga huo.

#11 Bibi Matumbawe

Hodi kutoka Mombasa. Mwanangu, huku sisi tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, ukichimba kisima unakuta kombe na matumbawe juu kabisa kuliko maji yanapojaa. Nasi tumeinuliwa?

#12 Kokoto Mbichi

Shikamoo bibi. Hapo tahadhari ile ile, kwa upande wa pili. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ya dunia nzima ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, barafu za ncha zilikuwa zimepungua. Matumbawe yaliota hadi kimo hicho, bahari ikashuka, yakabaki makavu, ndiyo jiwe mnalojengea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kimo chake haihitaji ardhi kuinuka. Maji ndiyo yalishuka, bibi.

#13 Mbeba Boksi

Nipo London, nimesoma uzi huu ndani ya treni nikapitiliza kituo. Nyie mnajua kwamba chini ya Trafalgar Square walichimbua mifupa ya viboko? Nilidhani ni utani wa mwongoza watalii.

#14 Kokoto Mbichi

Si utani. Ni wa kipindi kile kile cha matumbawe ya bibi, hali ya hewa ilikuwa ya joto kiasi hicho, na walifukiwa kwenye kidato cha chini cha mto Thames. Panda kidato cha juu zaidi, kule Swanscombe, wameokota vipande vitatu vya fuvu la mtu, 1935, 1936 na 1955, vya fuvu hilo hilo moja, wa miaka kama 400,000. Thames ni ngazi nzuri kwa sababu ardhi ya pale inainuka kwa mwendo wa kobe, na enzi za barafu zinakuja na kuondoka juu yake. Baridi ikizidi, milima inavunjika, mto unabeba kokoto na kuzimwaga. Hali ikigeuka, mto unakata. Mabadiliko ya hewa ndiyo yanayochonga kidato, na kuinuka ndiko kunakokiokoa, kwa sababu ardhi ingekuwa imetulia, mto ungerudi pale pale na kukifuta. Tena ardhi ikizama badala ya kuinuka, kama chini kule Uholanzi, kokoto za zamani huzikwa chini ya mpya na ngazi haipo kabisa.

#15 Mjukuu wa Rusumo

Na umri mnaupataje? Jiwe halina cheti cha kuzaliwa.

#16 Kokoto Mbichi

Mkaa au mifupa ukipata, kaboni inakufikisha miaka 50,000 hivi. Zaidi ya hapo unatafuta chembe za mchanga. Chembe ya kwazi, yale madini magumu yaliyojaa kwenye mchanga, ikiona jua inajisafisha, ikifukiwa gizani inaanza kukusanya nishati kutoka kwenye miamba jirani, kidogo kila mwaka. Unaichukua usiku au ndani ya bomba jeusi, unaipeleka maabara, wanaimulika, inatoa mwanga, na wingi wa mwanga unasema imekaa gizani muda gani. Ukifungua sampuli juani kwa sekunde chache umefuta kila kitu. Ndiyo maana ndoo ya baba mkwe haina faida tena kwa kazi hiyo, ilishaanikwa.

Ukishapata umri, hesabu ni ya darasa la sita. Tuseme kidato cha mita 28 kingekuwa na miaka 100,000: mto umekata milimita 0.28 kwa mwaka. Lakini hiyo ni kasi ya mto kukata. Usiruke kusema ndiyo kasi ya ardhi kuinuka, utarudi kwenye kosa la 1947, la kutaja sababu kwa kutazama kimo peke yake.

#17 Fundi Vyoo

Nimesoma yote kimya kimya. Hakuna aliyeuliza la maana. Mkuu, kisima cha mzee kiko wapi?

#18 Kokoto Mbichi

Kimechimbwa chini ya ukingo, hatua kama sitini kutoka shimoni. Kuna chemchemi pale haikauki hata Agosti. Mbona?

#19 Fundi Vyoo

Umesema kokoto unene wa mkono, chini mwamba. Maji yakiingia kwenye kokoto hayashuki tena, mwamba unayazuia, yanatembea pembeni mpaka yapate pa kutokea. Yanatokea wapi?

#20 Kokoto Mbichi

...Ukingoni. Kwenye chemchemi.

Fundi, nimesoma miamba miaka mitatu na sikuliona hilo.

#21 Kokoto Mbichi

Mrejesho, wakuu. Nilimpigia baba mkwe jioni ile ile. Hakubisha, aliuliza tu kama na mimi nitachangia shimo la pili. Limechimbwa upande wa chini, mbali na maji ya kunywa, huko ni udongo mtupu. Kijana wa sururu amelipwa mara mbili na nyongeza yake ya mawe juu. Shimo la kwanza limefukiwa, na yale mawe meupe mama mkwe ameyapanga kuzunguka maua mbele ya nyumba.